Mailo Iliyomegwa, Lizi ya Mjini au Esteti ya Kampuni: Ulinganisho kwa Anayetafuta Kiwanja Kandokando ya Kampala

Mtu anayetafuta kiwanja kandokando ya Kampala huonyeshwa aina tatu za ardhi, na mara nyingi dalali yule yule humzungusha zote tatu kwa siku moja. Asubuhi hupelekwa Kira, Namugongo au Gayaza, kwenye kipande kilichokatwa juzi kutoka shamba la migomba na kahawa la familia moja. Hiyo ni mailo iliyomegwa, yaani ardhi ya Buganda yenye hati isiyo na mwisho wa muda, iliyokatwa vipande vipande. Adhuhuri huonyeshwa kiwanja cha lizi, yaani cha kukodi kwa miaka iliyowekwa, katika mitaa ya zamani kama Naguru au Bugolobi, ambako serikali ilipima ardhi kabla ya mtu yeyote kujenga. Jioni huteremshwa upande wa barabara ya Entebbe, kwenye esteti ambayo kampuni ilinunua shamba zima kwa mkupuo, ikachora barabara, kisha ikaanza kuuza. Bei hutofautiana sana, na kwa kuwa bei ndiyo inayotajwa kwanza, mnunuzi huanza kulinganisha hapo. Mimi naona bei ni jambo la tatu. La kwanza ni jinsi shamba lilivyogeuka kuwa mtaa: nani aliligawa, na je, barabara ilichorwa kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa au iliachwa itokee yenyewe? La pili ni watu waliokuwa wakiishi na kulima humo kabla ya mnunuzi kufika, na walikokwenda.

Nawaandikia hasa wenzangu tunaozungumza Kiswahili hapa Uganda, ambao wengi wetu tulikuja Kampala kutoka Arua, Gulu, Mbale au Kasese, na wengine kutoka Kenya na Tanzania. Kwetu Arua, nilikokulia, ardhi ni ya ukoo. Wazee husimama mpakani, wakataja mti na jiwe, na jambo likaisha. Mtu wa namna yangu akifika Buganda na kuambiwa kwamba juu ya kipande kimoja cha ardhi kuna mwenye hati na pia kuna mwenye kibanja, yaani mkaaji anayeishi na kulima hapo, na kwamba wote wawili wana haki, hudhani anadanganywa. Hadanganywi. Anaelezwa historia ya zaidi ya miaka 120, na historia hiyo ndiyo itakayoamua kama gari lake litafika mlangoni.

Shamba lililomegwa

Neno mailo limetokana na maili ya mraba. Mkataba wa Uganda, uliotiwa saini tarehe 10 Machi 1900 kati ya Uingereza na Buganda, uliigawa nchi kwa kipimo hicho: Kabaka Daudi Chwa, ambaye wakati huo alikuwa mtoto mdogo, alitengewa maili za mraba 350, machifu na wamiliki binafsi 1,000 wakatengewa 8,000, na 9,000 zilizoitwa ardhi isiyotumika zikawekwa chini ya Serikali ya Uingereza. Maili moja ya mraba ni ekari 640. Waliopewa hawakukatiwa miraba iliyonyooka. Kila mmoja alitafuta mahali alipopataka, penye udongo mzuri na watu wa kulima, na mipaka ikafuata mabonde, vinamasi na migongo ya vilima, hata kazi ya kuipima ikaendelea kwa miongo kadhaa.

Hapo pana jambo ambalo naliona ni ufunguo wa mengi. Marekani nako walitumia kipimo kile kile. Sheria yao ya mwaka 1785 iligawa ardhi ya magharibi kwa miraba ya maili moja, ekari 640 kila mmoja, ila mistari yao ilinyooka kutoka kaskazini hadi kusini na kutoka mashariki hadi magharibi. Mashamba yaliyouzunguka mji wa Chicago yalipogeuka kuwa vitongoji, mistari ya mipaka ya mashamba ndiyo iliyofanywa barabara kuu, moja kila baada ya maili. Aliyekata shamba lake kuwa viwanja alikuta barabara ya kuungana nayo iko tayari mpakani mwake. Buganda haikuwa na mistari ya namna hiyo. Njia za vijijini zilipita juu ya mgongo wa kilima na kuteremka kisimani, na ndizo zilizopanuliwa zikawa barabara nyingi za Kyaliwajjala na Najjera tunazozipita leo. Anayeshangaa kwa nini barabara inakata kona ghafla mahali pasipo na jabali wala mto, afahamu kwamba huenda hapo palikuwa na pembe ya lusuku la mtu, yaani shamba lake la migomba, na njia ililizunguka kwa heshima.

Wakulima waliokuwa ndani ya mailo hizo hawakuondoka. Walibaki kama wakaaji wa vibanja, wakimlipa mwenye ardhi busuulu kwa ajili ya kukaa na envujjo kutokana na mazao. Sheria ya mwaka 1928 iliyawekea malipo hayo kikomo na kumhakikishia mkaaji na warithi wake kwamba hawatafukuzwa ovyo. Amri ya mwaka 1975 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma na kuigeuza mailo kuwa ardhi ya kukodi. Katiba ya mwaka 1995 iliirudisha, ikaitaja kuwa mojawapo ya aina nne za umiliki pamoja na umiliki wa kimila, umiliki huru na lizi. Kisha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikamtambua mkaaji wa kibanja, na pia mtu aliyekalia ardhi bila kupingwa na mwenyewe kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo. Marekebisho ya mwaka 2010 yakakaza zaidi: mkaaji hawezi kuondolewa isipokuwa kwa amri ya mahakama, na kwa kosa la kutolipa busuulu tu.

Sheria ya 1998 iliweka busuulu isiyozidi shilingi 1,000 kwa mwaka, kibanja kiwe kikubwa au kidogo, mpaka ilipobadilishwa baadaye. Hebu tuweke hesabu mezani. Mwenye ekari 50 zenye wakaaji 30 alikuwa anakusanya shilingi 30,000 kwa mwaka mzima. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 mnyauko wa kahawa ulikuwa unakausha mibuni ya robusta, na tangu mwaka 2001 mnyauko wa migomba nao ukaingia. Shamba halikuleta kahawa, na wakaaji hawakuleta kodi ya maana. Upande wa pili wa mizani walikuwapo watu wa mjini waliotaka mahali pa kujenga: Wilaya ya Wakiso, inayoizunguka Kampala, ilikuwa na watu 907,988 katika sensa ya mwaka 2002, wakawa 1,997,418 mwaka 2014, na sensa ya mwaka 2024 ikahesabu zaidi ya milioni 3.4. Barabara ya mchepuo ya kaskazini ilipofunguliwa mwaka 2009, mashamba ya Naalya, Kyaliwajjala na Kira yakajikuta karibu na mji kwa siku moja. Siwalaumu wenye mailo waliouza. Ninachosema ni kwamba waliuza kipande kwa kipande, kadiri ada za shule na matibabu zilivyodai, na barabara haikuwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Kipimo kinachouzwa zaidi ni hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100. Madalali hukiita desimali 12, ingawa kwa hesabu ya ekari moja kuwa desimali 100 ni kama 11 na nusu. Chukua ekari moja iliyo mraba: kila upande una futi 208 na inchi chache. Muuzaji akipanga viwanja 8, vinne mbele na vinne nyuma, vitachukua futi 200 kwa 200, na kitakachobaki ni ujia usiofikia futi 9, ambao hauwezi kupisha lori la mchanga na boda boda kwa wakati mmoja. Sasa angepitisha barabara ya futi 20 katikati ya ekari ile ile, na kuvigawa viwanja 8 kwenye eneo lililobaki, kila kimoja kingekuwa na futi 52 kwa 94 hivi. Kila mnunuzi angepoteza chini ya futi za mraba 100 kati ya 5,000. Nilipoifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza nilihuzunika, kwa sababu ilinionyesha kwamba ujia mwembamba tunaoteseka nao haukutokana na uhaba wa ardhi hata kidogo. Ulitokana na kila muuzaji kukata ekari yake peke yake, bila kutazama ekari ya jirani inaanzia wapi.

Nayasema haya kwa kuwa yamenipata. Mwaka 2009 nilinunua hamsini kwa mia upande wa Kira. Karatasi niliyopewa ilionyesha barabara ya futi 15 mbele ya kiwanja changu, na siku ile ilikuwapo kweli, imefyekwa vizuri kati ya migomba. Miaka miwili baadaye kipande cha mbele kiliuzwa na jirani mpya akajenga ukuta kwenye mpaka wa hati yake, kwa haki kabisa, maana barabara ile haikuwahi kupimwa wala kuandikwa. Aliyeniuzia aliifyeka tu ili pauzike. Ulibaki upenyo wa futi 5. Mama yangu alipougua usiku mmoja, tulimbeba kwenye kiti cha plastiki, wanangu wawili na mimi, tukipita ubavu ubavu mpaka gari lilipokuwa.

Wala mailo iliyomegwa si ya kukimbiwa. Ndiyo iliyomwezesha mwalimu, askari na mama muuza samaki kumiliki nyumba bila kuomba mkopo, kwa sababu inauzwa kwa vipande vidogo, na hati yake haina mwisho wa muda. Nyumba hujengwa polepole, chumba baada ya chumba, na wengine huanza na mizigo, vyumba vya kupangisha vilivyopangwa mstari mmoja, ili kodi iwasaidie kumalizia ya kwao. Hakuna aina nyingine kati ya hizi tatu inayomvumilia maskini namna hiyo.

Ardhi iliyopimwa kwanza

Lizi ya mjini ina historia fupi zaidi, na kwa mnunuzi ni rahisi zaidi kuielewa. Kwa miaka mingi Kampala ilikuwa miji miwili iliyokaa bega kwa bega: manispaa ya Wazungu na Wahindi upande wa Nakasero na Kololo, na Kibuga cha Mengo chini ya serikali ya Kabaka, na haikuunganishwa kuwa mji mmoja hadi mipaka ilipopanuliwa mwaka 1968. Kanuni za ujenzi za manispaa hazikutumika Mengo, na ndiyo maana Katwe na Kisenyi zilijaa vyumba vya kupanga juu ya mailo wakati Kololo ilikuwa bado ina nyasi. Kati ya mwaka 1945 na 1947 serikali ilimpa msanifu wa Kijerumani Ernst May kazi ya kupanga upanuzi wa mji kuelekea Kololo na Naguru, na mapema miaka ya 1950 nyumba za wafanyakazi Waafrika zikajengwa Naguru na Nakawa. Atembeaye Kololo leo ataona barabara zinazozunguka kilima kwa kufuata mwinuko wake, mitaro pande zote mbili, na nafasi ya kutosha kati ya lami na uzio. Hayo yote yalichorwa kabla ya nyumba kuwapo.

Anayenunua hapo ananunua miaka iliyobaki, na hili ndilo watu wengi hulisahau. Lizi hutolewa kwa muda uliowekwa. Mara nyingi huanza na miaka 5 ya majaribio yenye sharti la kujenga, kisha huongezwa hadi 49 au 99. Kiwanja chenye miaka 12 iliyobaki si sawa na jirani yake mwenye 70, hata kama vimepakana na vina bei moja. Mwenye ardhi yenyewe anabaki kuwa serikali au taasisi iliyokodisha, na huyo ana mipango yake. Nyumba za Naguru na Nakawa zilibomolewa mwaka 2011 ili eneo liendelezwe upya, na familia zilizokaa pale kwa vizazi viwili kama wapangaji zikatawanyika. Hao hawakuwa na lizi, nalikiri, na si haki kulinganisha mpangaji na mwenye hati ya miaka 99. Hata hivyo nawataja kwa sababu waliopangiwa mtaa vizuri kuliko wote hawakuwa na kipande cha ardhi hata kimoja kwa majina yao.

Kwa ndugu zetu wasio raia wa Uganda, ulinganisho unaishia hapa mapema. Katiba haimruhusu asiye raia kumiliki mailo wala ardhi ya umiliki huru. Anaweza kupata lizi tu, isiyozidi miaka 99. Anaweza kukodishiwa ardhi na mwenye mailo, na mkataba huo ukasajiliwa kwa jina lake. Dalali akimwambia Mkenya au Mtanzania asajili mailo kwa jina la rafiki Mganda ili mambo yaende haraka, huyo dalali anamwelekeza kuutoa urithi wa wanawe kwa mtu mwingine.

Shamba lililonunuliwa zima

Esteti ya kampuni ina jamaa zake mbali. Mwaka 1947 Abraham Levitt na wanawe walianza kujenga kwenye mashamba ya viazi ya Long Island, karibu na New York, mji uliokuja kuitwa Levittown. Wakulima wa eneo hilo walikuwa wameshaanza kusumbuliwa na minyoo ya udongo iliyoshambulia viazi, kwa hiyo kuuza hakukuwa kugumu. Anayewajua wakulima wetu wa kahawa ataitambua hali hiyo. Kufikia mwaka 1951 zilikuwa zimejengwa nyumba 17,447, kila moja kwenye kiwanja cha futi 60 kwa 100, ambacho hakitofautiani sana na hamsini kwa mia yetu. Kilichotofautiana ni mpangilio wa kazi. Barabara, maji na maeneo ya shule vilitangulia, kisha vikosi vya mafundi vikapita nyumba hadi nyumba, kila kikosi na kazi yake, na mnunuzi akakopeshwa kwa dhamana ya serikali. Mtu mwenye ngozi nyeusi hakuruhusiwa kupanga wala kununua; kifungu cha kumzuia kiliandikwa waziwazi katika mikataba ya mwanzo. Nimelitaja hilo kwa makusudi. Anayelipanga shamba zima peke yake hupata pia uwezo wa kuchagua nani aishi humo, na kila esteti yenye lango na kanuni zake inastahili kuulizwa swali hilo.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mfano wake wa awali. Shamba la kahawa la Karen Blixen, chini ya vilima vya Ngong nje ya Nairobi, liliuzwa mwaka 1931 kwa mwekezaji aliyelikata kuwa viwanja vikubwa vya makazi, na mtaa wa Karen ukazaliwa. Hapa Uganda serikali iliunda Shirika la Taifa la Nyumba na Ujenzi mwaka 1964, likajenga nyumba na maghorofa ndani ya Kampala, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni binafsi zikaingia kwa nguvu kwenye mashamba ya barabara ya Entebbe. Lubowa, ambako leo kuna nyumba za kifahari, palikuwa shamba la kahawa.

Uzuri wa esteti unaonekana kwa macho: barabara pana, nguzo za umeme zilizopangwa mstari, kiwanja chenye namba. Ubaya wake haumo ardhini, umo ofisini. Kampuni hununua shamba kwa hati moja, inayoitwa hati mama, na mara nyingi hununua kwa mkopo, hivyo hati hiyo huwa rehani benki. Anayelipa kwa awamu kwa miaka mitatu anaweza kumaliza deni lake na bado asipate hati, kwa kuwa hati mama haijakombolewa na haiwezi kukatwa. Ndiyo maana nisingemshauri mtu alipe hata shilingi moja katika esteti kabla ya kufanya upekuzi wa hati mama katika ofisi ya ardhi ya kanda, yeye mwenyewe au kwa wakili wake, na kuona kama ina rehani au zuio. Picha za barabara zisimtoshe.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Kwa barabara, lizi ya mjini inashinda bila ubishi, esteti inafuata, na mailo iko nyuma sana. Kwa umiliki wa kudumu mpangilio unageuka: mailo ndiyo ya kwanza, esteti inategemea kama kampuni ilinunua mailo, umiliki huru au lizi, na lizi ya mjini inakuwa ya mwisho. Kwa fedha za kuanzia, mailo haina mpinzani.

Kuhusu watu waliokuwapo kabla, mailo inadai uangalifu mkubwa kuliko zote, na hapa sina budi kukaa kidogo. Hati safi haimwondoi mwenye kibanja. Mwenye hati akiuza, haki ya mkaaji inabaki ilivyokuwa, na mnunuzi anakuwa mwenye ardhi wake mpya. Pia mkaaji akiuza kibanja bila kumpa mwenye hati nafasi ya kwanza ya kununua, mauzo hayo yana kasoro mbele ya sheria. Kwa hiyo kuna ununuzi wa aina mbili unaofanana kwa mbali: kununua kibanja, ambako unapata nafasi ya mkaaji, na kununua ardhi yenye hati iliyokwisha kusafishwa, ambako mkaaji amelipwa, au amepewa kipande chake chenye hati yake naye akaachia kilichobaki. Cha kwanza huwa nafuu sana, na wengi wetu kutoka kaskazini tulikinunua tukidhani ni cha pili. Muulize kwanza mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji au mtaa, lakini usiishie kwake. Nenda kwa jirani mzee kuliko wote.

Mimi nilifanya hivyo kwa kuchelewa, nilipokuwa na mgogoro wa mpaka wa nyuma. Mzee mmoja aliyewahi kuwa askari, na ambaye Kiswahili chake ni kile cha kambini, alinipeleka hadi kwenye mmea wenye majani marefu ya kijani uliosimama peke yake kwenye magugu. "Huu hawakupanda kwa uzuri," akaniambia. Ulikuwa mlamula, mmea ambao Waganda huupanda mpakani, na jina lake linatokana na kuamua. Hata sikio la Mswahili linaweza kuusikia undugu wa maneno hayo mawili. Mpimaji alikuwa ameweka kigingi chake futi 3 kutoka hapo. Mzee akaomba jembe, akachimba chini ya shina kwa utaratibu asiikate mizizi, na kwenye kina cha kama kiganja na nusu jembe likagonga jiwe la saruji la upimaji wa zamani. Mpimaji alirudi na mashine yake wiki iliyofuata, akasoma tena, akahamisha kigingi.

Jambo la maji lina uzito uo huo kwa aina zote tatu. Vilima vya Buganda vimetenganishwa na vinamasi vya mafunjo, na tangu Katiba ya mwaka 1995 ardhi oevu zinashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi, kwa hiyo hati iliyotolewa juu yake baada ya hapo inaweza kufutwa. Kiwanja cha bondeni huuzwa wakati wa kiangazi. Kitazame mwezi wa Aprili au Novemba, asubuhi baada ya mvua, ukiwa na viatu vya mpira.

Nani achague nini

Asiye raia achukue lizi, na ahesabu miaka iliyobaki kabla ya kuhesabu vyumba. Mwenye fedha taslimu na shughuli zake mjini, ambaye anataka nyumba ya kupangisha au ofisi, naye atafaidika na lizi ya zamani yenye muda mrefu. Mwenye kipato cha mwezi na mkopo wa benki, anayetaka kuhamia mwaka huu huu, achague esteti, mradi hati mama imekwisha kukatwa na hati ya kiwanja chake ipo mkononi mwa muuzaji siku ya kulipa. Raia mwenye fedha kidogo kidogo na subira, ambaye anataka kuwaachia wanawe ardhi, achague mailo iliyomegwa; lakini anunue kwa muuzaji aliyepima barabara na kuisajili kwenye ramani ya upimaji kabla ya kuuza kipande cha kwanza. Wauzaji wa namna hiyo wapo, na idadi yao inaongezeka kwa kuwa wanunuzi wameanza kuuliza. Ikiwa lazima achague kati ya kiwanja kikubwa chenye barabara iliyofyekwa na kidogo chenye barabara iliyopimwa, achukue kidogo.

Mdogo wangu alipokuja kutoka Arua mwaka jana kutafuta mahali, nilimzungusha kotekote kwa wiki tatu. Aliipenda esteti ya kwanza tuliyoiona, na upekuzi ukaonyesha rehani. Mwishowe alichukua futi 50 kwa 90 upande wa Gayaza, kutoka kwa ndugu wanne waliorithi ekari 3 za baba yao. Mama mjane aliyekuwa na kibanja humo tayari alikuwa amekatiwa kipande chake na hati yake, akatuonyesha mwenyewe bila kuombwa. Barabara ya futi 20 ilikuwa imepimwa kutoka mwanzo hadi mwisho, ikaungana na ya shamba la jirani, na mawe yake yalikuwa bado meupe. Nilitembea katikati yake hadi mwisho na kurudi, nikihesabu hatua.